Pumzi Katikati ya Mstari

Ilikuwa mwaka wa themanini na moja. Hapana, themanini na mbili, kwa sababu ile theluji kubwa iliyofukia kondoo wa bonde zima ilikuwa imeshapita, na Griff wa Hafod Wen alikuwa ameshaanza kutembelea fimbo baada ya kuumia goti akiwafukua kondoo wake chini ya ukuta wa mawe. Basi themanini na mbili. Siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka huo, Meilir wa Hafod Wen alishuka kwenye basi pale njia panda ya Llanrhedyn, kijijini kwao, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Olwen wa Dukani, aliyekuwa akifagia kizingiti ambacho hakikuwa na uchafu wowote.

"Umekuja," Olwen alisema.

"Nimekuja, Bi Olwen."

"Bila gita?"

"Nimeliacha mjini, Caerdydd."

"Mh." Ufagio ukasimama. "Na kinasa sauti je?"

"Kinasa sauti cha nini?"

"Mimi sijasema kitu, bwana. Watu ndio wanasema. Wanasema kesho kanisani kila mtu aimbe huku akiangalia mifuko ya koti la jirani yake."

Alicheka, lakini macho yake yalishuka hadi kwenye begi la Meilir na hayakuondoka hapo. Meilir akaona bora alifungue. Mlikuwa na mashati, soksi, na chupa ya wiski ya baba yake. Olwen alitazama hadi chini kabisa.

"Sikukwambia ufungue," akasema, akaingia ndani, na kabla Meilir hajafunga zipu akasikia simu ya dukani ikizungushwa namba.

Alipanda mlima kwa miguu. Wana wa Elis, jirani yao, walikuwa wakiwapelekea kondoo majani makavu kwa trekta lao. Walimpungia mkono, hawakusimama. Alijua wamemtambua. Miaka mitatu tu nyuma hao hao walikuwa wakilala mlangoni mwa ukumbi wa kijiji ili wawe wa kwanza kumwona akishusha spika zake.

Meilir alizaliwa pale Hafod Wen, shamba la kondoo na ng'ombe wachache wa maziwa, upande wa mlima ambao jua huufikia likiwa limeshachoka. Katika bonde lile majina ya ukoo ni machache, wote ni akina Jones na Evans na Roberts, kwa hiyo mtu huitwa kwa shamba lake au kwa kazi yake, na ukitoka shambani jina linakufuata kama mbwa. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Akalelewa na baba yake, Ifor, na baba yake mdogo, Griff, wanaume wawili waliojua kupika supu ya kondoo na viazi na hawakujua kupika kitu kingine chochote.

Wanaume hao walikuwa na kitu kimoja ambacho bonde zima lilijua ni chao. Alfajiri ya Krismasi, saa kumi na mbili, kuna ibada wanayoiita plygain. Kasisi anasoma sala, anakaa, na kuanzia hapo hakuna anayeitwa. Watu wanainuka wenyewe, wawili au watatu au wanne wa nyumba moja, wanakwenda mbele bila kinanda, wanaimba wimbo wao, wanarudi kukaa. Hakuna makofi. Na wimbo ulioimbwa asubuhi ile haurudiwi. Anayeurudia anakuwa kituko cha kusimuliwa hadi wajukuu wake waone aibu. Karibu kila nyumba ina nyimbo zake. Hafod Wen walikuwa nazo kadhaa za kawaida, na mmoja usio wa kawaida, mrefu, wa sauti tatu, walioachiwa na bibi wa bibi yao, ambao haukujulikana na mtu mwingine popote. Haukuandikwa. Uliimbwa mara moja kwa mwaka, nao walikuwa na desturi ya kuusubirisha, nyumba nyingine ziimbe kwanza.

Mazoezi yalifanyika kwenye banda la ng'ombe, wakikamua. Griff alikaa karibu na mlango, na akisikia hatua za mtu uani, awe tarishi au daktari wa mifugo, alibadilisha hapo hapo na kuanza wimbo wa Jumapili ambao kila mtu anaujua, kwa sauti kubwa ya mtu asiye na siri. Hata Tegwyn, mtoto wa dada yao Nesta, alikuwa akiambiwa nenda ukaangalie ndama. Nesta aliolewa shamba la chini, na mtoto wake alikuwa wa shamba la chini. Ndugu alikuwa ndugu, ila wimbo ulikuwa wa nyumba.

Ifor alikuwa na kasoro moja katika uimbaji wake. Ujanani mtamba alimbana ukutani, mbavu zikavunjika na kuunga vibaya, na tangu hapo hakuweza kufika mwisho wa mstari wa tatu wa wimbo ule bila kuvuta pumzi. Aliivuta katikati ya neno. Griff na Meilir walijua. Ifor alipokata, wao waliziachia sauti zao zikue kidogo, kama watu wawili wanaoshika gunia la mwenzao aliyejikwaa, na kanisani hakuna aliyewahi kugundua. Meilir alijua kuibeba pumzi ya baba yake kabla hajaota ndevu.

Sasa, ujana ukaja na mambo yake. Meilir na Tegwyn wakanunua magita ya umeme, wakamtafuta Arfon, mtoto wa fundi bomba, aliyekuwa akipiga kila kitu mpaka ndoo, wakaanza kupiga kelele kwenye banda la sufu. Jina la bendi likawa Mwg Mawn, moshi wa mboji, ule udongo mkavu wa kinamasi wanaouchoma watu wa mlimani badala ya kuni. Vijana wa wakati ule walikuwa wamechoshwa na vinubi vya mashindano na kwaya za baba zao, na hawakutaka kuimba Kiingereza. Wakapata rock kwa Kiwelisi, lugha yao, wakachanganyikiwa. Meilir alikuwa na sauti iliyokwaruza kama geti lililoshikwa na barafu, kisha ghafla ikafunguka. Walizunguka kumbi za vijiji kwa kigari kilichonuka kondoo, kaskazini hadi kusini, na wasichana wa mji wa Aberystwyth waliandika jina lake kwenye mikono yao kwa kalamu. Lakini kila Krismasi alirudi. Jumamosi alikuwa anarukaruka jukwaani na suruali ya ngozi, alfajiri ya Krismasi alikuwa amesimama kati ya Ifor na Griff na tai ya marehemu babu yake. Griff alikuwa akimtania, "Suruali ile umemchuna nani?"

Bendi ilivunjika kwa sababu ya choo. Ndivyo Meilir alivyosimulia maisha yake yote, na hakuna aliyemwamini. Siku moja, katika ukumbi wa mji mmoja wa pwani, bwana wa kampuni ya santuri kutoka Caerdydd alikuja kusikiliza, na katikati ya mapumziko akaonekana akimnong'oneza Meilir karibu na birika kubwa la chai. Tegwyn aliona.

"Alikuwa anakuuliza nini yule?"

"Alikuwa anauliza choo kiko wapi."

"Muda wote ule?"

"Choo kiko mbali, binamu. Nilikuwa namwelekeza."

Na kweli, aliuliza choo. Lakini baada ya miezi kadhaa bwana yule alipiga simu, akamwita Meilir peke yake, akataka santuri ya jina lake peke yake, na Meilir akaenda. Kwa Tegwyn hesabu ilikuwa wazi: yote yalipangwa pale kwenye birika la chai. Hakugombana naye. Alimrudishia nyaya zake, kila moja imeviringishwa vizuri, akasema, "Ukikiona choo nisalimie," na tangu hapo wakawa watu wa kuamkiana tu. Arfon akarudi kwenye mabomba ya baba yake.

Santuri ilitoka majira ya kuchipua ya mwaka ule wa themanini na mbili. Wimbo uliopendwa ulikuwa mmoja wa taratibu, gita moja na sauti, jina lake Barrug, yaani sakitu, ule umande mweupe ulioganda wa asubuhi. Meilir aliutunga jikoni kwenye chumba chake cha kupanga, asubuhi moja akichemsha yai. Sauti ilimjia tu, na yai likaiva kupita kiasi. Redio iliupiga kila siku. Akampigia simu baba yake.

"Umeusikia, Baba?"

"Nimeusikia. Redio iko bandani."

"Umeuonaje?"

Nyuma ya Ifor mbwa akasikika akibweka kwa mbali. "Ng'ombe nao wameusikia," akasema, na akauliza hali ya hewa ya Caerdydd.

Meilir hakuelewa hadi kadi ya Olwen ilipomfikia, yenye picha ya ua na maneno mawili matatu: hongera, niliposikia nikadhani Krismasi imetangulia mwaka huu. Alikaa kitandani akauimba Barrug polepole, kisha akauimba wimbo wa Hafod Wen, kisha akauimba Barrug tena. Mwanzo wake ulipita njia ile ile. Baadaye ziliachana, lakini pale mwanzoni zilikanyaga nyayo zile zile. Hakuwa ameuiba. Lakini kama angeambiwa aweke mkono juu ya Biblia aape, mkono ungesita.

Kwa hiyo alipopanda mlima siku ile na begi lake, alikuwa na jambo moja tu la kujua, na hakuwa na uhakika nalo: kama kesho yake atasimama na baba yake, au atakaa benchi na wageni. Bondeni mule mtu anaweza kuacha shamba, akaacha mke, akaacha hata dini, na akabaki mtu wa kwao. Akiondolewa kati ya sauti za nyumba yake, hapo ndipo anapokuwa amehama.

Aliwakuta jikoni. Ifor alikuwa akinoa kisu cha kukatia nyama ya nguruwe, Griff ameweka goti lake juu ya kigoda karibu na moto.

"Msanii," Griff alisema. "Ingia, funga mlango, hatujalipia joto la nje."

"Baba Mdogo, goti?"

"Lipo. Linasema kesho kuna sakitu." Akajiuma ulimi alipogundua alichosema, akaangalia moto. Ifor aliendelea kunoa.

Meilir alisubiri waseme twende bandani. Kila mwaka, siku hiyo jioni, waliupitisha wimbo mara tatu wakikamua, hata mwaka ambao Griff alikuwa na homa. Saa ya kukamua ikafika, Ifor akavaa buti.

"Nije tufanye mazoezi?"

"Ya nini? Tunaujua."

"Mwaka mzima hatujauimba, Baba."

"Tunaujua," Ifor akasema, akatoka na ndoo, na mlango wa banda ukasikika ukifungwa kwa ndani. Meilir alimgeukia Griff. Griff aliinua mabega. Alikuwa hafichi kitu, au alikuwa anaficha vizuri sana. Kwa Griff ilikuwa vigumu kujua, kwa sababu alikuwa amecheza karata maisha yake yote.

Baada ya muda Shangazi Nesta akaingia na mkate wake wa zabibu kavu uliofungwa kwa kitambaa. Alipomwona Meilir mezani alisimama.

"Aa. Umekuja."

"Kwani nisije, Shangazi?"

"Nani kasema usije? Nimesema umekuja." Akaweka mkate, akaurekebisha, akaurekebisha tena. "Ifor yuko wapi?"

"Bandani. Tegwyn hajambo?"

"Hajambo. Anafanya kazi. Kwa nini unamuulizia Tegwyn?"

"Ni binamu yangu."

"Haya," alisema Nesta, akatoka kwa haraka, na kupitia dirisha Meilir akamwona anakwenda bandani badala ya kwenda nyumbani. Alibisha mara mbili. Mlango ukafunguliwa kidogo. Walizungumza hapo mlangoni, vichwa vimekaribiana, na Nesta akamgusa kaka yake mkono.

"Wanazungumza nini wale?" Meilir aliuliza.

"Nyama ya nguruwe," Griff alisema bila kugeuka.

Usingizi wa Meilir ulikuwa wa kukatikakatika. Alfajiri walishuka watatu kwa tochi, Griff katikati kwa ajili ya goti, na kweli kulikuwa na sakitu, nyasi zinavunjika chini ya viatu kama biskuti. Meilir alimuuliza baba yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa:

"Baba, leo nasimama?"

"Miguu ni yako," Ifor akasema.

Kanisa lilikuwa limejaa, mishumaa kwenye madirisha, pumzi za watu zinaonekana hewani. Walikaa benchi lao. Meilir alihisi watu wakimtazama kisogoni. Kila alipogeuka aliona vitabu vya sala vimeinuliwa. Mtu wa benchi la nyuma alivuta koti lake mbali na la Meilir. Kasisi akasoma, akakaa. Kimya. Kikohozi. Wa kwanza kuinuka walikuwa akina Elis, sauti nne, walioimba kwa pua kama baba yao. Wakafuata dada wawili wa kinu cha zamani. Kimya tena, kile kimya kirefu ambacho kila mtu anamsubiri mwenzake, na Meilir akaona benchi la ng'ambo Tegwyn anainuka, na mke wake Gwerfyl, na Arfon, koti lake limebana kifuani.

Tegwyn alikuwa haimbi plygain. Shamba la chini hawakuwa na nyimbo. Walikuwa watu wa kusikiliza. Alitoa mfukoni kile chuma cha pembe mbili cha kutafutia sauti, akakigonga gotini, akakisogeza sikioni. Wakaanza.

Kwa neno la kwanza tu, Griff alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Ulikuwa wimbo wa Hafod Wen. Neno kwa neno, sauti tatu. Na Meilir aliona jambo ambalo hakulisahau: kanisa zima halikumtazama Tegwyn. Kanisa zima lilimtazama yeye. Ilikuwa rahisi kwao. Wanaoujua wimbo walikuwa watatu. Mmoja wa watatu hao alikuwa ameshauza nusu yake kwa Caerdydd. Kwa nini asiwe ameuza na nusu iliyobaki?

Meilir aligeuka. Akamwangalia Griff, Griff naye alikuwa anamwangalia yeye, na katika macho ya mzee yule kulikuwa na shaka ile ile ya watu wa mabenchi mengine. Akamwangalia baba yake. Ifor alikuwa anatazama mshumaa.

Wakafika mstari wa tatu. Na hapo, katikati ya neno, Tegwyn akavuta pumzi. Gwerfyl akavuta pumzi. Arfon akavuta pumzi. Wote watatu, pamoja, kwa utaratibu, kana kwamba wimbo ndivyo ulivyotungwa. Sauti ikakatika kabisa kanisani, ukasikika utambi wa mshumaa, kisha ikaendelea. Ubeti wa pili, pale pale. Ubeti wa tatu, pale pale.

Mtu aliyefundishwa na Griff asingekata hapo. Mtu aliyefundishwa na Meilir asingekata hapo. Meilir na Griff kazi yao ilikuwa kulifunika pengo lile. Aliyewafundisha watu wale aliwaimbia peke yake, bila wa kumbebea, na wao wakaiga hata mbavu zake zilizovunjika.

Griff naye alilijua hilo papo hapo. Fimbo ikalegea mikononi mwake. Alimgusa Meilir goti kwa kidole kimoja, akakiondoa.

Walipomaliza, Tegwyn alirudi kukaa akiangalia sakafu. Hakuna aliyeinuka, kwa sababu watu wote walikuwa wanasubiri kuona Hafod Wen watafanya nini. Wimbo wao ulikuwa umeshaimbwa. Kuurudia haikuwezekana. Ifor akainuka. Griff akainuka. Meilir alibaki ameketi kidogo, miguu yake ni yake, kisha akainuka.

"Ule wa wachungaji," Ifor akasema bila kufungua midomo. Ulikuwa wimbo mwepesi, ambao waliutumia miaka ya mafua. Waliuimba. Ifor alipokosa pumzi, Meilir aliibeba, kama kawaida, na hakujua kwa nini anaibeba.

Baada ya ibada kuna chai kwa waimbaji wote kwenye chumba cha pembeni: nyama baridi, bitiruti za siki, mkate wa zabibu, vikombe vinagongana. Olwen alikuwa ameshika birika.

"Sukari, Meilir? Au siku hizi unauza na sukari?"

"Muulize Tegwyn, Bi Olwen. Ndiye mwenye wimbo."

"Na yeye aliupata wapi? Umeanguka kutoka mbinguni?"

"Olwen," Griff alisema kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika katika chumba kile, "mimina chai."

Meilir alikwenda moja kwa moja hadi kwa Tegwyn, aliyekuwa kwenye kona na Gwerfyl na mama yake.

"Mmeimba vizuri," alisema.

"Tumejitahidi," Tegwyn akajibu.

"Wimbo mrefu ule. Si wa kujifunza wiki moja."

"Hata kidogo!" Gwerfyl alisema, akiwa na furaha bado ya kuwa amemaliza. "Ulitutoa jasho, maana tangu..."

Nesta akamkanyaga. Meilir aliona kiatu. Gwerfyl alinyamaza na kuanza kutafuta kitambaa chake.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza," Tegwyn akasema. Alimtazama binamu yake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya nyaya. "Kuna mtu alitaka wimbo ubaki bondeni. Huo ndio mwisho wa habari. Kunywa chai yako."

Hakunywa. Alipanda nyumbani, akamkuta baba yake bandani, bado na tai, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, maziwa yanagonga ndoo. Meilir alivuta kigoda cha pili akaanza kumkamua aliyefuata. Mikono ilikuwa haijasahau.

"Ni wewe, Baba."

Maziwa yakaendelea kugonga.

"Sikatai kuwa ulikuwa na haki. Nyimbo ni za kwako kabla hazijawa zangu. Nataka kitu kimoja tu. Ulimfundisha Tegwyn lini? Uliposikia ile santuri redioni, ukakasirika, ukasema huyu ameuza? Au ulikuwa umeshamfundisha tangu zamani, nikiwa bado narudi kila Krismasi, nasimama pembeni yako?"

Ifor alikamua hadi chuchu ikabaki tupu. Akainuka, akachukua ndoo.

"Yule mweusi hajakamuliwa," alisema.

Meilir alirudi Caerdydd. Alitoa santuri nyingine kadhaa, baadhi zilisikilizwa, baadhi zilibaki kwenye maboksi chini ya kitanda chake. Aliombwa Barrug kila mahali, na kila mahali alisema gita limelegea, ataupiga baadaye. Alizeeka vizuri kama waimbaji wa peke yao wanavyozeeka, sauti ikiwa na mchanga mwingi zaidi, akiimba kwenye vyumba vya nyuma vya baa na kumbi za shule, watu hamsini, wakati mwingine mbwa. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wapigaji wenzake: hakumwachia mtu yeyote kumfundisha mwingine sehemu yake. Alitaka awepo. Ukimuuliza kwa nini, alibadilisha mazungumzo.

Alilipeleka swali lile hadi kwenye kitanda cha hospitali cha Griff, na Griff alisema, "Mimi nilijua asubuhi ile ile uliyojua wewe. Na kabla ya kujua nilikushuku wewe, mwanangu, nisamehe," na hiyo ndiyo sehemu aliyojibu. Nesta alisema haoni vizuri, hakumbuki. Ifor alikufa mwaka wa themanini na tisa wakati wa kuzaa kwa kondoo, na siku zake za mwisho alizungumza sana, juu ya mtamba, juu ya ua, juu ya bei ya sufu. Meilir alikaa kando yake akisubiri. Usiku na mchana waligawana hadithi zote isipokuwa hiyo.

Akarudi kuishi Hafod Wen. Krismasi baada ya Krismasi alikaa benchi lake peke yake na kusikiliza shamba la chini wakiimba wimbo wa nyumba yake, na pumzi ile ikikatika pale pale. Watoto wa bondeni walikua wakidhani ndivyo ulivyo. Wengine walisema pengo lile ndilo zuri kuliko vyote.

Kisha koo la Arfon likaharibika, hakuweza tena kuimba. Tegwyn alipanda mlima, mvi kichwani, akasimama uani bila kuvua kofia.

"Sauti ya tatu hatuna. Unaijua."

"Naijua."

"Basi njoo."

Alfajiri hiyo walisimama watatu mbele ya mishumaa. Tegwyn akagonga chuma chake gotini. Walipofika mstari wa tatu, Tegwyn na Gwerfyl wakakata, kama walivyofundishwa, na sauti ya Meilir, ile ya geti, ikaendelea yenyewe, peke yake, katika pengo ambalo kanisa lilikuwa limelizoea. Vichwa viliinuka. Tegwyn alimtupia jicho la pembeni, jicho la mtu anayekagua mfuko wake kama pochi bado ipo, na Meilir akaona kwamba naye ameishi na shaka yake miaka hii yote, kwamba siku moja mwenye wimbo atakuja kuuchukua.

Walirudi wakakaa benchi moja. Wengine walikuwa wameanza kuinuka. Meilir akainama sikioni mwa binamu yake, akauliza kwa mara ya mwisho kile ambacho hakuna aliyemjibu, wala hapo hakujibiwa:

"Niambie tu, Tegwyn. Baba alikufundisha kabla hajanisikia redioni, au baada?"